Hujafa Hujaumbika

Kila mwaka, darasa la katekisimu linapofunguliwa, swali la kwanza tunalowauliza watoto ni hili: ni nani aliyewaumba? Nao hujibu kwa sauti moja ya kuwa Mungu ndiye aliyewaumba. Mwalimu husikia, hufurahi, huendelea na swali la pili. Mimi nami nimefanya hivyo kwa miaka mingi. Walakini siku moja mtoto mmoja wa darasa la nne hakunipa nafasi ya kuendelea.

Mtoto huyo alizaliwa na mguu mmoja uliopinda. Wayo wake umegeukia ndani, hata hutembea kwa ukingo wa mguu. Anapokwenda nyumbani, watoto wengine humfuata nyuma wakiiga mwendo wake. Siku ile alinyosha mkono, akasimama kwa adabu, akasema: “Mwalimu, kama Mungu ndiye aliyeniumba, mbona aliniumba vibaya?”

Darasa lote likanyamaza. Nami, kwa kuwa niliogopa ukimya ule kuliko nilivyoupenda ukweli, nikajibu upesi. Nikamkumbusha fundisho la Mtakatifu Paulo katika waraka wake kwa Waroma, sura ya 9, ya kwamba chungu hakina haki ya kumwuliza mfinyanzi sababu ya umbo lake. Mtoto akaketi. Hakuuliza tena siku ile, wala juma lile, wala mwezi ule. Nilikuwa nimesema neno la Maandiko Matakatifu, na kwa neno hilo nilikuwa nimemfunga mtoto kinywa.

Tangu hapo dhamiri yangu haikutulia. Nilijiuliza: je, nilimjibu, au nilimnyamazisha? Nikatambua kwamba kitenzi kile ninachowafundisha watoto kila mwaka, yaani kuumba, sikuwa nimekichunguza hata siku moja. Basi nikaanza kukichunguza, na leo nataka kuwashirikisha yale niliyoyapata, maana naamini kwamba wazazi wengi na wakatekista wengi wameulizwa swali lile lile, nao wamejibu kama mimi.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili cha leo, mama anayetengeneza vyungu hatusemi kwamba anaumba; twasema anafinyanga. Kuumba tumemwachia Mungu. Kwa sababu hiyo, Mswahili anapolisikia neno hili, hulisikia kama neno la kanisani tu, lisilo na harufu ya udongo. Lakini sivyo lilivyokuwa tangu mwanzo.

Mji wetu wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, na tangu siku zake za kwanza ulikusanya watu wa lugha nyingi. Wengine walitoka ng’ambo ya mpaka, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wakisema Kibemba. Wengine walitoka kaskazini ya Katanga wakisema Kiluba. Wengine walitoka Kasai. Na wengine waliletwa kutoka Rwanda na Burundi kufanya kazi katika machimbo ya shaba. Kwa hiyo mwalimu wa hapa hana haja ya kusafiri mbali ili alinganishe lugha. Yatosha awaulize watoto wake jinsi bibi zao wanavyosema nyumbani.

Nikawauliza. Wa Kibemba wakasema ukubumba. Wa Kiluba cha Katanga wakasema kubumba. Wa Kinyarwanda na Kirundi wakasema kubumba, na udongo wenyewe wa kufinyangia wakauita ibumba. Tukienda mbali zaidi, Waganda husema okubumba, na mfinyanzi wao huitwa omubumbi. Na kule kusini kabisa Wazulu husema ukubumba. Katika lugha hizo zote maana ya kitenzi hicho ni moja: kutwaa udongo laini na kuupa umbo kwa mikono.

Basi, kuumba kwetu ni kubumba kule kule, ila Kiswahili kimeipoteza ile sauti ya b njiani. Jambo hili si la kubahatisha, maana limetokea katika maneno mengine pia. Mnyarwanda husema kubona, na Mzulu ukubona, pale sisi tunaposema kuona. Na hapa Lubumbashi, watoto wetu wanaposema batoto barabarani, na mwalimu akawasahihisha waandike watoto, ni sauti hiyo hiyo inayobishana kati ya lugha za kwetu na lugha ya pwani. Wataalamu wa Ulaya waliliona jambo hili zamani. Wilhelm Bleek alizipa lugha hizi jina la Bantu, kwa sababu ya neno lao la pamoja la kutaja watu. Na mwaka 1899 Carl Meinhof alitoa kitabu chake cha kuonyesha jinsi sauti zake zinavyolingana kwa kanuni. Kwa kanuni hizo wataalamu hukubali kwamba mababu wa lugha zetu walikuwa na mzizi mmoja, -bumb-, na kwamba mzizi huo ulikuwa wa kazi ya vyungu.

Na kazi hiyo ni ya kale sana katika nchi yetu. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walichimba kandokando ya Ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, wakakuta makaburi mengi ya watu walioishi huko miaka elfu moja hivi iliyopita. Wafu hao walikuwa wamezikwa pamoja na vyombo vingi vya udongo, vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa. Watu wale waliijua vema kazi ya kubumba.

Sasa tutazame jinsi neno hili lilivyompata Mungu. Si kila kabila lilimpa Mungu kitenzi cha mfinyanzi. Waluba wa Kasai husema kufuka, Wanyarwanda husema kurema, Waganda husema kutonda, nao Wanyanja husema kulenga. Lakini Wabemba humwita Mungu Lesa Kabumba, yaani Yeye abumbaye, na kila kilichoumbwa hukiita icibumbwa. Wakikuyu wa Kenya humtaja mama wa kabila lao kwa jina la Mumbi, nao Wakamba jirani zao humwita Mungu mwenyewe kwa jina hilo. Na Waswahili wakasema Muumba. Watu hawa, wengi wao kabla ya kuhubiriwa Injili, walipotaka kutaja kazi ya Mungu iliyo kubwa kuliko zote, walimtazama mama mmoja aliyeketi chini, mikono yake imejaa udongo, wakasema: ni kama vile.

Ni vizuri kulinganisha na mataifa mengine. Mwaka 1910, Wabenedikto wa abasia ya Sint-Andries ya Brugge walikabidhiwa misioni ya Katanga. Katika lugha ya Waflamandi kuumba ni scheppen. Wajerumani husema schaffen, Waswidi skapa, na Waingereza wana neno shape, ambalo leo lina maana ya kutoa umbo tu, lakini zamani lilitumika hata kwa kazi ya Mungu. Maneno hayo yote ni ndugu, na wataalamu wengi huuhusisha mzizi wao na kazi ya kukata na kuchonga. Basi wazee wao walimwona fundi aliyeshika chombo cha kuchongea mti, na wazee wetu walimwona mfinyanzi. Mifano yote miwili ni ya heshima. Ila kuna tofauti moja: kati ya mkono wa mchongaji na mti wake kuna chuma; kati ya mkono wa mfinyanzi na udongo wake hakuna kitu.

Na Maandiko Matakatifu yanasemaje? Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, pale Mungu anapomfanya mtu kwa udongo na kumpulizia pumzi ya uhai, Kiebrania hutumia kitenzi yatsar. Ni kitenzi cha mfinyanzi. Nabii Yeremia, anaposhuka nyumbani kwa mfinyanzi katika sura ya 18, humtaja mtu huyo kwa jina litokanalo na mzizi huo huo. Hata jina la Adamu linakumbusha adama, yaani udongo wa shamba. Kwa hiyo mama wa Kibemba anayesali kwa Lesa Kabumba, na Mwebrania wa kale aliyesimulia asili ya mtu, walikutana mahali pamoja bila kujuana.

Nilipofika hapa katika uchunguzi wangu, nilidhani nimemaliza. Lakini nilikumbuka kwamba mtoto yule hakuniuliza habari za lugha. Aliniuliza habari za mguu wake. Ndipo nilipokwenda kumwona mama mzee mmoja, ambaye sisi sote mtaani humwita Kambo, kama tulivyozoea kuwaita bibi zetu. Kabla ya kuja mjini alikuwa mfinyanzi kijijini kwao. Nikamwomba anieleze kazi yake tangu mwanzo hata mwisho.

Akaniambia: “Mwalimu, kwanza unachimba udongo, unautoa mawe na mizizi, unautwanga. Kisha unatafuta vigae vya vyungu vilivyovunjika, unavisaga, unavichanganya nao. Udongo mtupu hupasuka ukikauka. Vigae ndivyo vinavyoushika. Halafu unaketi, unaanza. Huwezi kukifanya chungu ukiwa umesimama mbali. Na ukiisha, unakiweka kivulini, si juani. Chungu cha haraka hupasuka motoni.”

Nikamwuliza: “Kambo, kuna vyungu viwili vilivyo sawasawa?”

Akacheka. “Mwanangu, mkono si mashine. Kila kimoja nakijua. Hata usiku, nikikishika gizani, nakijua.”

Maneno hayo yalinifundisha jambo la kwanza. Nchi yetu ya Katanga inajua namna mbili za kutengeneza. Wazee wetu, wale walioitwa wala shaba, waliyeyusha madini katika tanuru, wakaimimina shaba katika kalibu, wakapata misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Kazi hiyo ni kusubu. Kitu kilichosubiwa hufuata kalibu; kikitoka tofauti, kimeharibika, nacho hurudishwa motoni. Lakini kubumba si kusubu. Mfinyanzi hana kalibu. Ana mikono tu, na kila chungu kinapita mikononi mwake peke yake. Sisi twamwangalia mtu mwenye mguu uliopinda, au macho yasiyoona, au ngozi isiyo na rangi kama yetu, na moyoni twasema: huyu hakutoka sawa na kalibu. Lakini kalibu hiyo iko wapi? Ni nani aliyeiona? Lugha ya mababu zetu haikusema kwamba Mungu alitusubu. Ilisema alitubumba.

Hata hivyo, wapenzi wasomaji, hatuna budi kukiri kwamba mfano huu una mpaka wake, na mwalimu asiyeujua mpaka huo huweza kuwadhuru watoto, kama mimi nilivyomdhuru yule. Mipaka yenyewe ni mitatu.

Wa kwanza: mfinyanzi huukuta udongo, haufanyi. Mungu hakukuta kitu. Mama wa wale ndugu saba, katika Kitabu cha Pili cha Makabayo, sura ya 7, alimfundisha mwanawe kwamba Mungu alifanya mbingu na nchi pasipo kutumia kitu kilichokuwapo. Na Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulilitangaza fundisho hilo kuwa imani ya Kanisa. Sura ya kwanza ya Mwanzo ina kitenzi kingine, bara, na katika maana hiyo ya kuumba Maandiko hayampi mwingine kitenzi hicho ila Mungu peke yake.

Wa pili: chungu hakifanani na mfinyanzi. Mtu aliumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Kambo anavijua vyungu vyake, lakini vyungu vyake havimjui Kambo.

Wa tatu unatokana na huo wa pili. Kwa kuwa chungu hakimjui mfinyanzi, hakiwezi kuuliza. Lakini mtu aweza, na Maandiko yenyewe humruhusu. Msomeni Yobu, sura ya 10. Yobu ameketi katika mateso yake, naye anautumia mfano huu huu wa udongo. Hautumii ili ajinyamazishe, bali ili amlalamikie Mungu. Anamkumbusha Mungu kwamba mikono yake ndiyo iliyomfinyanga, kisha anamwuliza mbona sasa anataka kumrudisha mavumbini. Na mwisho wa kitabu, Mungu hawasifu wale rafiki waliokuwa na majibu tayari. Anamsifu Yobu aliyeuliza. Hata Mtakatifu Paulo, katika sura ile niliyomtupia mtoto, hakuwa akimjibu mtoto mwenye maumivu. Alikuwa akijadili huruma ya Mungu kwa Wayahudi na kwa mataifa, na mjadala wake, katika sura ya 11, unaishia kwenye huruma. Mimi nililikata neno katikati, nikalitumia kama fimbo.

Basi, tumjibuje mtoto? Hapa Kiswahili chenyewe kilikuja kunisaidia. Kutokana na kuumba tunapata maneno mengi: umbo, kiumbe, maumbile, Muumba. Na tunapata kuumbika, yaani kukamilika katika kuumbwa. Waswahili wana methali wanayoitumia hasa pale mtu anapomcheka mwenye kilema: hujafa, hujaumbika. Maana yake ya kawaida ni onyo: usimcheke mwenzako, kwa kuwa maadamu u hai, kesho yaweza kukupata yaliyompata yeye. Onyo hilo ni la haki. Lakini Mkristu aweza kuona ndani yake jambo kubwa zaidi. Kama hujafa hujaumbika, basi kuumbwa si jambo lililokwisha siku ya kuzaliwa. Mikono ya Mfinyanzi haijaondoka juu ya udongo. Chungu bado kiko mikononi.

Yezu Kristu mwenyewe ametuonyesha jambo hili kwa tendo. Katika Injili ya Mtakatifu Yohane, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Hilo ndilo swali ambalo mitaani kwetu bado linaulizwa. Bwana wetu alikataa yote mawili. Si dhambi ya mtu huyo, wala si dhambi ya wazazi wake. Kisha akatema mate chini, akafanya tope, akampaka machoni. Kwa nini tope? Angeweza kumponya kwa neno tu, kama alivyowaponya wengine. Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya 2, ambaye Papa Fransisko alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2022, alieleza sababu katika kitabu chake cha tano dhidi ya wazushi: Bwana alitumia udongo ili tuutambue Mkono ule ule uliomfinyanga Adamu hapo mwanzo. Muumba amekuja kuendeleza kazi yake. Na Ireneo huyo huyo hufundisha kwamba wajibu wa mtu ni kumtolea Mungu moyo laini, wenye unyevu, usiokauka hata ukapoteza alama za vidole vyake.

Jambo hilo hugeuza swali lote. Nilikuwa nimefikiri kwamba mtoto yule ni chungu kilichokwisha kuchomwa kikiwa kimepinda, na kwamba kazi yangu ni kumfundisha avumilie. Sasa naona kwamba yeye na mimi tu udongo bado. Kwa nini mguu wake uko hivyo, sijui, wala sitajifanya najua. Hata Yobu hakuelezwa sababu. Lakini najua kwamba Yeye aliyemwanza hajamwacha, na kwamba siku ya ufufuko, kama Mtakatifu Paulo anavyowafundisha Wafilipi katika sura ya 3, Kristu ataugeuza mwili wetu huu dhaifu ufanane na mwili wake wenye utukufu. Hapo ndipo tutakapokuwa tumeumbika. Na tusisahau kwamba mwili huo wa utukufu, Bwana alipoufufua, alama za misumari zilikuwamo bado.

Lakini lipo neno moja zaidi katika ukoo huu wa maneno, na neno hili latuhusu sisi wazima. Katika Kiswahili, mwisho wa -ua mara nyingi hupindua maana ya kitenzi: kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua. Vivyo hivyo kuumba ina kinyume chake: kuumbua. Kamusi hueleza kwamba kuumbua ni kuharibu umbo, na tena ni kumwaibisha mtu kwa kuonyesha kasoro zake mbele ya watu. Tazameni basi hekima ya lugha. Kumwaibisha mtu kwa ajili ya mwili wake ni kujaribu kutangua kazi ya uumbaji. Mtoto anayeiga mwendo wa kilema anamwumbua. Mzazi anayemficha mtoto wake mlemavu chumbani wageni wanapofika anamwumbua. Na mwalimu anayemfunga kinywa kwa Maandiko anamwumbua, hata kama hakutaka.

Liko baya zaidi. Katika miji yetu wako wanaowatazama watoto wa namna hii na kusema kwamba ni wachawi, kwamba wameleta msiba nyumbani. Nao huwafukuza, huwanyima chakula, huwapeleka kwa watu wanaojiita waombaji ili wapigwe na kushindishwa njaa. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu tendo hilo. Lakini Mkristu asingoje polisi. Yezu alikwisha kujibu zamani: si yeye, wala si wazazi wake.

Tena, kama kazi ya kuumba inaendelea, Mungu hupenda kuitumia na mikono yetu. Kwa mguu wa namna ile, tabibu Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa katika Marekani, alitengeneza njia ya uponyaji ambayo leo inafuatwa duniani kote. Mguu wa mtoto mchanga hunyoshwa polepole kwa vidole, hufungwa plasta, na kila baada ya juma moja hivi plasta hufunguliwa, mguu hunyoshwa tena kidogo, plasta mpya hufungwa. Mara nyingi hufuata kukatwa kidogo kwa mshipa wa kisigino, na kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ubao, hasa usiku, kwa miaka kadhaa. Njia hii hufaa zaidi ikianzwa katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa, wakati mguu ungali laini. Kwa hiyo nawasihi ninyi akina mama na akina baba: mkijaliwa mtoto mwenye mguu wa namna hiyo, msimfiche, wala msikimbilie kwa mganga wa kupiga ramli. Mpelekeni hospitali mapema. Mikono ya tabibu anayeuelekeza mguu wa mtoto kwa upole hushiriki kazi ya Yule aliyempaka kipofu tope.

Sasa nirudi darasani. Baada ya hayo yote niliona haitoshi kutubu peke yangu. Kosa nilikuwa nimelitenda mbele ya darasa, ilinibidi kulisahihisha mbele ya darasa. Basi siku moja, kabla ya somo, nikamwita mtoto yule kwa jina, nikamwambia: “Ulipouliza swali lako, sikukujibu vema. Uliuliza kwa haki. Naomba unisamehe.” Kisha nikawaeleza wote habari za kubumba, na za Kambo na vigae vyake, na za yule kipofu. Nikawaambia kwamba Mungu hatusubu katika kalibu, na kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyekwisha kuumbika.

Mtoto akafikiri kwa muda, kisha akanyosha mkono kama siku ile ya kwanza. Moyo wangu ukaanza kudunda. Akauliza: “Mwalimu, na hawa wanaonicheka njiani, nao hawajaumbika?”

Nikamjibu: “Nao pia hawajaumbika. Na mimi vile vile.”

Akaketi. Sitasema kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka. Watoto ni watoto. Lakini tangu siku hiyo ameanza kuuliza tena, na maswali yake ni magumu, nami hujiandaa usiku ili nisije nikamjibu upesi.

Basi, ndugu wasomaji, na hasa ninyi wakatekista wenzangu: mnapouliza swali lile la kwanza, na watoto wakajibu kwa sauti moja, msikimbilie la pili. Tulieni kidogo. Mtazameni kila mtoto, mmoja mmoja, kama mfinyanzi anavyovitazama vyungu vilivyowekwa kivulini. Na yule atakayenyosha mkono kuuliza, mpeni nafasi, maana Aliyembumba ndiye aliyempa kinywa.